Nilimsomea Ustadh Maneno Yasiyokuwepo

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinichukie kabla hujafika mwisho, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si bibi, si mama, hata nikiomba dua nalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi ili asilowe.

Ni mimi niliyepiga ile video.

Labda umeiona, watu wengi wameiona, ile ya wavulana wenye kofia nyeupe wamesimama juu ya kichanja kirefu, wanazungusha kitu juu ya vichwa vyao, sauti ya mtu mzima inasema takbiir, wao wanaitikia Allahu akbar halafu wanaachia, na chini pameandikwa kwa Kiswahili, "Wanafunzwa kuua wakiwa wadogo. Kibiti haijaisha." Hayo ya Kiswahili sikuandika mimi, naapa. Lakini juu yake kuna mstari wa Kiingereza, na huo ni wangu, nimeuandika kwa vidole vyangu huku nacheka, unaosema jeshi letu dogo liko mazoezini.

Nikueleze vizuri maana najua nachanganya. Mimi nina miaka kumi na saba, kwetu ni Mbwera, wilaya ya Kibiti, huku kwenye delta ya Rufiji, nalelewa na bibi yangu Mwanamina kwa kuwa mama anafanya kazi Dar, na nasoma kidato cha nne shule ya bweni ya mbali, mkoa wa baridi. Kwetu mpunga ukianza kujaa maziwa watu wanahamia shambani, kila nyumba na dungu lake, kibanda juu ya nguzo, unakaa huko toka alfajiri mpaka jua lizame unaamia mpunga, yaani unafukuza ndege, kwa sababu kweleakwelea wakitua asubuhi moja tu umevuna majani. Watoto ndio waamiaji wakubwa, wana mikono myepesi ya kombeo, basi watoto wakihamia shambani na madrasa nayo inahama. Ustadh Ridhiwani anafunga mbao zake kwenye mkeka anatufuata. Anakaa dungu la kati, anaanza sura, dungu la kwanza linaidaka, dungu la pili linaendeleza, inakwenda hivyo mpaka mwisho wa bonde na kurudi, na sauti ile yenyewe inawafukuza ndege, na anayekosea aya ndiye anayeshuka kuchota tope la kufinyangia madonge ya kombeo. Sura ikiisha Ustadh anasema takbiir na madungu yote yanaachia kwa pamoja. Mimi nimehifadhi Juzuu Amma yote juu ya dungu la tatu, na niliposhuka sana kuchota tope ni kwenye Al-Bayyina.

Sikuwahi kujua kwamba jambo hili linaweza kumtisha mtu. Kwangu lilikuwa linachekesha.

Sasa nikwambie ya shuleni. Mimi ni mpole mno, nikiulizwa swali darasani sauti inakwama, kidato cha kwanza nilimaliza muhula mzima kuna watu wa bweni langu hawajui jina langu. Siku moja mwalimu alitaja Kibiti, akauliza nani anatoka huko, nikanyoosha mkono, akasema, "Ahaa, nyie ndio wale," darasa likacheka, na kuanzia siku ile nikaitwa Shabab. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa akiniona navaa mtandio anasema, "Shabab, leo bomu liko begi gani?" Mimi najibu, "La madaftari, usiliguse." Wanacheka. Mshauri, sitakudanganya, ilikuwa inaniuma lakini ilikuwa inanipendeza pia, kwa sababu angalau nilikuwa mtu. Shabab alikuwa anaitwa kwenye meza ya chakula, Shabab alikuwa anawekewa nafasi. Yule msichana wa Mbwera asiyesema hakuwa anawekewa nafasi na mtu.

Nikawa hodari. Nikawa nawatania wenyewe kabla hawajanitania. Kukiwa na kelele nasema msinichokoze mie natoka Kibiti, wanakufa kwa kicheko, na kila nikisema nawakumbuka watu wa nyumbani wakati ule wa mauaji, niko darasa la tatu, bibi ananikataza kutamka majina ya watu waliotoka wakawa hawajarudi, wanaume wamekunja kanzu wameweka chini ya godoro wasije wakashukiwa, nawakumbuka halafu naendelea kucheka. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Basi likizo ya Juni niko dunguni, na huku mtandao haupatikani ila ukipanda juu, nikapiga video ndefu, dakika nne na kitu, ni nzuri sana mshauri, kuna mtoto anaitwa Huseni ana miaka saba, anakosea aya, wenzake wanamwimbia "tope, tope, tope," anashuka analia na kucheka kwa pamoja, Ustadh mwenyewe anacheka mpaka anashika tumbo, halafu ndege wanaruka wengi mpaka anga linakuwa jeusi. Mimi nikakata. Nikaacha sekunde kumi na moja tu, pale penye takbiir, hakuna ndege, hakuna Huseni, hakuna tope, nikaandika ule mstari wa Kiingereza, nikatuma kwenye kundi la wasichana wa bwenini. Nilitaka wacheke. Walicheka. Rafiki wa kitanda cha juu akaandika, "Shabab umetuua," akamtumia kaka yake, kaka yake akatuma kwingine, na huko mbele sijui nani akaweka yale maneno ya Kiswahili.

Siku ya sita ikarudi nyumbani. Mtu wa Dar alimpigia mtendaji wa kijiji simu. Wakaja wageni wawili waliovaa kiraia kwa boti pamoja na mtendaji, hawakumpiga mtu, hawakutukana, walikunywa hata uji, wakamwambia Ustadh Jumatatu afike ofisini kwao Kibiti kuhojiwa.

Jumapili yake Ustadh akaja kwetu. Bibi alikuwa anapeta mchele, akamkaribisha kwenye mkeka. Ustadh akatoa simu ya mtu, akaniita, "Mwanangu njoo, wewe ndiye msomi wetu. Haya ya chini nimeyasoma, ya Kiswahili. Haya ya juu yamenishinda. Pameandikwaje?"

Nikaishika ile simu. Nikasema, "Pameandikwa watoto wa delta."

"Basi hivyo tu?"

"Hivyo tu, Ustadh."

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillah, kumbe aliyeandika mwanzo hakuwa na nia mbaya. Bibi akasema, "Si nilikwambia? Ubaya uliongezwa njiani." Akanitazama kwa fahari, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Jumatatu akaenda. Akaulizwa nani kaandika haya maneno ya juu, yana maana gani, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni watoto wa delta. Kijana mmoja ofisini akacheka, akamwambia, "Mzee, unatudanganya au umedanganywa?" Haya yote alitusimulia mwenyewe, mimi niko pale nachambua mchicha. Anasema alimjibu, "Aliyenisomea ni mwanangu, nimemfundisha mwenyewe alifu mpaka Amma. Hawezi kunidanganya." Wakamwambia, sawa, mpaka aliyeandika apatikane asikusanye watoto, na kila Jumatatu aripoti.

Hajaniuliza tena. Sijui kama amejua. Nafikiri amejua, maana mtu mwingine yeyote angeniuliza.

Zimepita Jumatatu nne. Anakwenda Kibiti amevaa jezi ya mpira, namba kumi mgongoni, ameazimwa na Mudy mwenye boti. Mara ya kwanza Mudy alimtania, "Leo tunakupanga mbele, Ustadh, ufunge," akacheka kidogo, lakini Jumatatu ya pili hakuna aliyecheka, anafika gatini na kanzu yake anaivua humohumo kwenye boti, anaikunja anaitia kwenye mfuko wa plastiki, na akirudi anaivaa tena kabla hatujamwona. Mie nimemwona. Mwalimu wangu wa Kurani, mtu wa miaka sitini, anabadilisha nguo nyuma ya madumu ya mafuta.

Watoto wamekatazwa na wazazi wao wasikae dunguni kwa makundi, kila mmoja anaamia peke yake kimyakimya, na ndege hawaogopi kimya. Robo ya mpunga wa bibi imekwenda. Jioni bibi anaketi anasema, "Aliyepiga picha ile Mungu amwonyeshe," anasema bila hasira, amechoka tu, halafu ananipa mimi kipande kikubwa cha samaki.

Shule imefunguliwa wiki mbili sasa na mimi bado niko hapa. Nasema tumbo linauma. Boti inayonifaa ni ya Jumatatu, na siwezi kukaa na Ustadh safari nzima huku amevaa jezi ile. Video nzima ninayo. Imo kwenye kadi ndogo ya simu, nimeificha ndani ya jalada la juzuu langu. Nikiitoa, watajua ni mimi, bibi atajua, watanichukua mimi kunihoji, na shuleni wakisikia basi kweli nitakuwa Shabab, si ya utani tena. Nisipoitoa nitakuwa namsindikiza Ustadh kila Jumatatu kwa macho mpaka lini. Na kuna kitu kingine kinanisumbua zaidi, naomba usinicheke, kwamba waliosambaza wanatuchukia bila kutujua, lakini mimi nilikuwa nawajua watu wangu, na nikawauza kwa kicheko cha meza ya chakula.

Nifanye nini? Jina langu lihifadhi. Gazeti lako nililiona mara ya kwanza limefungiwa vitumbua Nyamisati, nikasoma ukurasa wako mpaka mafuta yakaniishia vidoleni, nikaona huwa hupendelei mtu.

Nimeandika barua hii siku tatu, kila nikisikia mtu naisukuma chini ya mkeka. Sasa hivi nasikia ndara za bibi, ile ya kushoto inaburuta, anakuja huku mlangoni. Sifichi. Nimechoka kuficha. Bibi hasomi herufi hizi, anasoma za Kiarabu peke yake, ataiona karatasi tu na ataniuliza ninaandika n

Msichana wa dungu la tatu, Mbwera


JIBU LA BI SHAMSIA

Binti wa dungu la tatu,

Marahaba. Kaa chini, vuta pumzi, na acha kutapika nyuma ya nyumba, haimsaidii Ustadh hata kidogo.

Sikuchukii. Lakini sitakubembeleza. Umefanya mambo mawili na unayahesabu kama moja. La kwanza ni video. Hilo ni kosa la mtoto aliyechoka kuwa peke yake, na waliokufundisha kulifanya ni wengi, akiwemo mwalimu aliyesema nyie ndio wale mbele ya darasa zima akaona amefundisha. Msichana anapewa jina la wauaji ndipo anawekewa nafasi mezani, halafu tunashangaa anapolivaa? Hilo nakusamehe, na wengi watakusamehe.

La pili ni ile Jumapili. Mtu mzima amekuja kwako na simu mkononi kwa sababu una lugha ambayo yeye hana, akakuamini kuliko anavyojiamini, nawe ukamsomea maneno yasiyokuwepo ukamwacha aende nayo ofisini akaonekane mwongo. Hapo hakuna wa bara wa kumlaumu, hakuna kaka wa rafiki wala kundi la simu. Hapo ni wewe. Nalisema kwa sauti kwa sababu barua yako imelisema kwa haraka ikakimbilia kwenye jezi.

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi nacho sijakisema popote. Video yako ilinifikia. Ilikuja kwenye kundi la wazazi wa shule anayosoma mwanangu, saa tatu asubuhi, na chini yake mzazi mmoja akaandika tuwe macho na hawa watu. Binti, mimi nimezaliwa Mtunda, Kibiti hiyohiyo. Nimeamia mpunga wa marehemu mama yangu mpaka bega likavimba. Nililitambua kombeo kabla sekunde ya tatu haijaisha, nikalijua na lile dungu, nikajua hata ni saa ngapi kwa kivuli chake. Ningeweza kuandika mstari mmoja. Sikuandika. Katika kundi lile hakuna anayejua natoka Kibiti, wanajua mimi ni mama fulani wa Dar, na nilitaka wabaki hivyo. Nikaweka simu mezani nikaendelea kukata vitunguu.

Kwa hiyo ukiona nakugombeza, jua nimekaa mkeka mmoja na wewe. Barua yako ilipofika nilirudi kwenye kundi lile nikaandika kwamba mimi ni mtu wa Mtunda, ni Mwislamu, na watoto wale wanafukuza ndege. Watu wawili waliniomba radhi. Mmoja aliniuliza nina uhakika gani. Wengine wapo kimya hadi leo, na nimegundua kimya chao naweza kuishi nacho.

Haya, kazi. Kadi hiyo itoe ndani ya juzuu leo. Usiikate tena, usiipunguze, usiandike chochote juu yake. Video nzima ya dakika nne, yenye Huseni na tope na ndege, mpe mama yako nakala na mpe mtu mzima mwingine mnayemwamini, ili kadi ikipotea isipotee na haki ya mtu.

Usiende ofisini kwanza. Nenda kwa Ustadh kwanza, na uende na bibi yako. Mwambie wewe ndiye uliyepiga na wewe ndiye uliyeandika, halafu msomee ule mstari kwa Kiingereza na umwambie maana yake sawasawa. Usimweleze habari za shuleni mpaka akuulize. Ukianza na machozi yako atalazimika kukufariji, na zamu hii si yako. Akinyamaza, vumilia. Akikufukuza, toka, urudi kesho yake. Lakini nikimtazama mtu aliyesema mbele ya wakubwa, "Hawezi kunidanganya," na asikuulize tena baada ya kujua, naona mtu ambaye anakungoja uje mwenyewe.

Jumatatu panda boti. Wewe, bibi yako au mama, Ustadh, na mtendaji kama atakubali, na akikataa mwende bila yeye. Usiende peke yako hata ukijiona shujaa. Waonyesheni video nzima. Andika maelezo yako kwa mkono wako, kwa Kiswahili, yasome mara mbili kabla hujaweka sahihi, na usitie sahihi kitu ulichoandikiwa na mwingine mpaka ukielewe. Una miaka kumi na saba, una haki ya kuwa na mzazi ubavuni, na kabla ya siku hiyo mama yako aulize huko Dar kituo cha msaada wa kisheria, vipo, havidai ada, wapo wanaoweza kuzungumza nanyi kwa simu. Sikuahidi mambo yatakwisha siku moja. Wameambiwa wamtafute aliyeandika, basi aliyeandika amefika, swali lao limepata jibu, na Ustadh hatakuwa tena na sababu ya kujibu yasiyo yake. Kama wataendelea kumwita, mtauliza kwa maandishi ni kwa nini.

Kuhusu jezi, usimwamulie. Asije akavaa kanzu kwa sababu Bi Shamsia wa gazetini amesema. Yeye ndiye anayejua anaogopa nini, na watu wa huko wana sababu zao za kuogopa ambazo mimi kwenye meza yangu sina haki ya kuzifuta. Ila ukae naye upande uleule wa boti, mbele ya watu.

Halafu shule. Unarudi, tumbo halikuumi. Mpigie rafiki wa kitanda cha juu umwambie ilivyokuwa, na umtake atume video nzima kule kote alikotuma ile fupi, yeye na kaka yake. Kama ni rafiki atafanya. Mwandikie mkuu wa shule barua fupi, utaje lile jina na utaje nani alilianzisha, mama yako atie sahihi pamoja nawe. Na siku nyingine mtu akikuita Shabab, taja jina lako ulilopewa na wazazi, mara moja, kwa sauti hiyohiyo yako ndogo, kisha nyamaza. Usicheke. Meza itakuwa kimya, utatamani ardhi ipasuke. Kaa. Kuna msichana mwingine mwenye mtandio kwenye meza nyingine anayeangalia utafanya nini.

Nanyi wengine mnaosoma hapa, ambao video hii ilipita kwenye simu zenu, najua mpo. Hamkuulizwa mtoe ushahidi, hamkuulizwa mpende dini ya mtu. Mlitakiwa kujiuliza swali dogo tu, kwamba watoto hawa wanatupa nini na wanakitupia nini, na wala hamkujiuliza kwa sababu kofia zilikuwa zimeshawajibu. Kule delta watoto wanaamia peke yao kimya na mpunga unaliwa. Kidole kilichosambaza ile fupi kina nguvu ya kusambaza na ndefu.

Binti, barua yako imekatika katikati ya neno, na bahasha ilifungwa na kutumwa, kwa hiyo kuna kitu ulimwambia bibi mlangoni pale. Sijui ni kipi. Kama ulimwambia ukweli, basi nusu ya jibu langu umelitangulia, na nafurahi kupoteza wino. Kama ulimwambia ni kazi ya shule, basi gazeti hili likikufikia, hata likiwa limefungia vitumbua, lipanguse, kaa naye kwenye mkeka pale anapopetea mchele, umsomee ukurasa wote, barua yako na jibu langu, na lile alilosema kuhusu aliyepiga picha msomee vilevile.

Ukifika kwenye maneno ya Kiingereza usiyaruke. Yaseme kama ulivyoyaandika, kisha mwambie kwa Kiswahili yana maana gani. Safari hii, yale yaliyopo.